Mnyororo wa Jino

Bonde la Olbalbal limelala chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, mahali linapokwisha Korongo la Olduvai. Mto wa korongo hilo si wa mwaka mzima. Mvua zinyeshapo huja na maji mazito ya udongo, hupita kati ya kuta za majivu ya volkano yaliyoganda zamani, kisha hujilaza Olbalbal na kufanya ziwa la muda. Jua hulinywa ziwa hilo kidogo kidogo mpaka likabaki tope lililopasuka. Hakuna mto utokao hapo kwenda baharini. Kwa hiyo kila kilichochukuliwa na maji kutoka milimani, na ambacho jua haliwezi kukirusha hewani, hubaki pale pale.

Katika korongo hilo, tarehe 17 Julai mwaka 1959, Mary Leakey aliona mfupa umechomoza ardhini. Alipopangusa udongo akaona meno mawili makubwa yamesimama katika taya. Lilikuwa fuvu la kiumbe aliyepewa jina la Zinjanthropus, aliyeishi miaka ipatayo 1,750,000 iliyopita. Ngozi, nyama na macho ya kiumbe huyo vilikwisha sahauliwa na ardhi. Meno yake yalikuwa bado meno, hata mtu aliyeyaona hakuhitaji kuambiwa ni nini. Sababu ni kwamba gamba la nje la jino, ambalo wenye elimu huliita enameli, limejengwa karibu lote kwa fuwele za kalisi na fosfeti zilizopangwa kwa msongamano ambao hauna mfano katika mwili wote.

Haya yametajwa kwa ajili ya binti mmoja aliyezaliwa Olbalbal, si mbali na mahali fuvu hilo lilipookotwa, ambaye meno yake yalikuwa na habari nyingine. Alikuwa mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa pili, wa kwanza katika boma lao kufika chuo kikuu. Waliomjua walimsifu kwa akili na upole. Wasiomjua walimdhania mwenye kiburi, kwa kuwa hawakupata kumwona akicheka. Kwa kweli alicheka kuliko wengi wa wenziwe, ila kicheko chake kilipita nyuma ya kiganja. Katika picha zote alizopigwa tangu alipoanza kujitambua, midomo yake imefungwa. Meno yake ya mbele yalikuwa ya rangi ya kahawia, yenye vishimo vidogo vidogo mithili ya mchanga uliopigwa na matone ya mvua.

Kule Arusha, Meru na Hai jambo hilo halimshangazi mtu. Katika njia ya kutoka Arusha kwenda Moshi pana mahali paitwapo Maji ya Chai, na wenyeji wa huko hawaulizani habari za meno. Taabu humwanza mtu ashukapo pwani. Huyo binti aliulizwa mara nyingi kama anavuta tumbaku. Na walio wema zaidi walimshauri, kwa sauti ya chini, ajitahidi kupiga mswaki. Alipiga mswaki mara tatu kwa siku. Mashambulizi ya wenye chuki mtu huweza kuyajibu, lakini shauri la mwema aliyekosea humwacha mtu hana la kusema.

Rangi ile haikutoka katika uchafu wala moshi. Ilitoka katika maji. Majivu na mawe ya volkano za kaskazini mwa Tanzania yana floraidi nyingi, na maji yakaayo ndani yake huichukua. Floraidi kidogo hulinda jino lisioze. Ikizidi huliharibu jino kabla halijatoka ufizini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa dhiki ya maji, iliwahi kuruhusu vijijini hadi miligramu 8, kisha ikakishusha kiwango hicho. Si kila kisima ni kibaya. Visima viwili vilivyo umbali wa mtu kuitana na mwenziwe vyaweza kuhitilafiana sana. Na magadi yanayotiwa chunguni ili maharage yalainike upesi huongeza floraidi juu ya ile ya majini.

Mtoto anywapo maji hayo katika miaka yake minane ya kwanza, ujenzi wa enameli huenda kombo. Katika ujenzi ulio sawa, protini hutangulia kama jukwaa la waashi, kisha huondolewa ili fuwele zijaze nafasi. Floraidi ikizidi, jukwaa haliondolewi kwa wakati. Juu ya jino hufanyika ganda jembamba gumu. Chini yake hubaki tabaka lenye matundu matundu. Jino hutoka likiwa jeupe kama chokaa, kisha matundu yale hunywa rangi mwaka baada ya mwaka. Baada ya hapo hakuna mswaki wala dawa ya mswaki itakayoandika upya kilichoandikwa.

Katika mwaka wake wa pili binti huyo aliweka akiba kutoka posho yake, akaenda kwa daktari wa meno. Daktari alikwangua meno manne ya mbele, akayapaka asidi, akayaosha, akayakausha, akayapaka gundi, akaweka juu yake kijazo cheupe, akakielekezea taa ya buluu. Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Alipopewa kioo hakusema neno. Jioni ile wenziwe wa bwenini walisikia kicheko kisichokuwa na kiganja mbele yake, wakageuka kutazama ni nani.

Alimpigia simu mama yake, akamweleza kwamba meno yake yamefunikwa kwa namna ya plastiki. Upande wa pili pakawa kimya. Mama alikuwa ameingiwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Katika sehemu nyingi za Tanzania, ‘meno ya plastiki’ ni jina la jambo la hatari: mtoto mchanga akipata homa au kuhara, husemwa ameota meno ya plastiki, na watu humkata ufizi kwa kisu au msumari, wakatoa machipukizi ya meno yake mazima na kuyaonyesha kuwa ndiyo ugonjwa. Wako watoto waliokufa kwa damu na kwa uchafu wa kisu hicho. Ajabu ya lugha ni hii, kwamba neno la plastiki lilitumika kulishtaki jino lisilo na hatia, na sasa neno lile lile limerudi kuitwa tiba. Ilimpasa binti arudie maneno yake mara tatu kabla mama hajasema, “Basi, yeyo, kama hukukatwa, ni vema.”

Miezi saba baadaye, alipokuwa akila muhindi wa kuchoma kando ya barabara, kipande cha jino la mbele la kushoto kilibanduka. Hakukitupa. Alikifunga katika karatasi ya daftari, akakitia mfukoni, na kiganja kikarudi mdomoni kama mlinzi aliyekuwa likizo.

Mtu mwingine angelia, au angerudi kwa daktari siku ile ile. Yeye alikuwa mwanafunzi wa kemia, na alikuwa na ghadhabu ya mwanafunzi. Alitaka kujua gundi ile ni kitu gani, na kwa nini iliachia.

Alianza na yale aliyokwisha fundishwa. Mwaka 1920 Mjerumani Hermann Staudinger alisema kwamba vitu kama mpira ni minyororo mirefu ya molekuli zilizoungana kwa vifungo vya kweli. Wakubwa wengi wa kemia walimbishia, lakini mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel. Molekuli ndogo ya kuanzia huitwa monoma, na mnyororo huitwa polima. Zipo njia nyingi za kuunga mnyororo. Iliyotumika mdomoni mwa binti huyo ni ya radikali. Kiswahili hakijapata neno lake chenyewe kwa radikali hii, na mtu akitafsiri kwa haraka huishia katika siasa kali. Maana yake ni nyepesi kuliko jina lake. Katika molekuli elektroni hukaa wawili wawili. Radikali ni kipande cha molekuli chenye elektroni mmoja aliyekosa mwenzi, na kwa hiyo hakitulii. Mwaka 1900 Moses Gomberg, huko Michigan, alitangaza kwamba amepata radikali ya kaboni inayodumu, na wengi wakaona vigumu kusadiki.

Msomaji asiye wa kemia na awaze watu wawili walioshikana kwa mikono yote miwili. Hao ndio atomu mbili za kaboni katika vinili: wameshikana mara mbili, hawana haja na mtu. Anakuja wa tatu, mwenye mkono mmoja mtupu. Anamshika mmoja wao mkono. Ili ashikwe, huyo lazima auachie mkono mmoja wa mwenziwe. Na mwenziwe sasa amebaki na mkono mtupu. Hawezi kukaa hivyo, anaunyosha kwa jozi ya jirani, na jozi hiyo nayo hufunguka vivyo hivyo. Hivyo mnyororo hukua, viungo mamia kwa mamia, na daima mwisho wake una mkono mmoja mtupu. Hukoma pale ambapo minyororo miwili inakutana mkono mtupu kwa mkono mtupu, ikashikana na kutulia. Au mmoja humpa mwenziwe atomu ya haidrojeni na wote wawili wakaachana. Wakati mwingine utupu huhamia kwa mtu wa pembeni asiyekuwa katika mstari, mnyororo wa kwanza ukafa mfupi na mwingine ukaanza mahali pengine. Katika vijazo vya meno monoma nyingi zina jozi mbili kila moja, kwa hiyo minyororo hushonana ikawa wavu, na wavu huo ndio ugumu.

Anayeleta mkono mtupu wa kwanza ni kianzishi. Katika gundi za meno kianzishi cha kawaida ni kitu cha manjano cha jamii ya kafuri, ndiyo kafuri ile ile waijuayo watu wa pwani kwa kuoshea maiti. Mwanga wa buluu ukikipiga, hushirikiana na kemikali iitwayo amini (ambayo haina uhusiano wowote na imani) wakazaa radikali.

Hayo yote ni wavu wa kugumu tu, na wavu huo peke yake haushiki jino. Mnyororo wa kawaida wa methakrilati haujali kalisi. Ukiachwa juu ya jino lenye unyevu hukaa kama nta juu ya jiwe. Hapo ndipo fosforasi ilipoingia. Mwaka 1951 ilitoka madukani kazi ya Oskar Hagger, mkemia wa Uswisi: monoma yenye jozi za vinili upande mmoja na fosfeti upande wa pili. Fikira yake ilikuwa nzuri mno kwa usahili wake. Jino ni kalisi na fosfeti. Basi mpe kalisi ya jino fosfeti nyingine ya kushika, na fosfeti hiyo iwe imefungwa katika mnyororo. Gundi za siku zile hazikudumu majini, na kwa muda mrefu mradi ule ulisinzia. Mwaka 1955 Michael Buonocore, katika mji wa Rochester huko Marekani, alifika kwa mlango mwingine. Alijua ya kwamba viwandani chuma huoshwa kwa asidi ya fosforasi ili rangi ikishike. Akaipaka asidi hiyo juu ya enameli, ikala vishimo vidogo visivyoonekana, na utomvu ukaingia humo ukagandia kama mizizi. Fosforasi hapa haishiki. Inachimba tu, kisha inaoshwa.

Kisha mwaka 1981 kampuni ya Kuraray ya Japani ilitengeneza monoma ambayo mpaka leo imo katika gundi nyingi za meno duniani. Mwisho mmoja ina vinili ya methakrilati, mwisho wa pili ina fosfeti yenye asidi, na katikati pana mnyororo wa kaboni kumi. Urefu huo wa katikati si pambo. Fosforasi ikifungwa moja kwa moja katika jozi ya vinili, monoma huwa nzito kuungana: minyororo hutoka mifupi, na mkono mtupu hupenda kuhamia pembeni. Ikitengwa kwa kaboni kumi, vinili hufanya kazi yake ya kuunga kana kwamba fosforasi haipo, na fosforasi hufanya kazi yake ya kushika kana kwamba vinili haipo. Mwaka 2004 watafiti wa Japani na Ubelgiji walionyesha kwamba chumvi inayofanyika kati ya monoma hiyo na kalisi ya jino huyeyuka kwa shida sana majini kuliko za monoma walizoilinganisha nazo. Binti alisoma habari hiyo katika maktaba saa nne za usiku, akajikuta ameishika karatasi yenye kipande chake mfukoni, kama mtu ashikaye barua.

Sasa alikuwa na washitakiwa wengi. Wa kwanza ilikuwa hewa. Oksijeni nayo ina elektroni wapweke, na mkono mtupu wa mnyororo huishika oksijeni upesi kuliko uishikavyo monoma. Matokeo yake ni mkono uliolegea usioweza kuendelea, na ngozi ya kunata juu ya kijazo. Wa pili ilikuwa taa: betri ikichoka, mwanga hupungua bila jicho la mtu kutambua, na hata mwanga ukiwa mzuri robo ya jozi au zaidi hubaki hazikufunguka. Wa tatu ulikuwa ugomvi wa ndani ya gundi yenyewe. Asidi ya fosfeti huivamia amini na kuifunga, na amini iliyofungwa haizai radikali. Kwa hiyo sifa ile ile iifanyayo gundi ishike jino huweza kuizuia isigande. Watengenezaji wengine hukwepa ugomvi huo kwa kianzishi kisichohitaji amini, ambacho nacho kina fosforasi ndani yake. Lakini hicho hupenda mwanga wa karibu na urujuani, na taa ya buluu tupu hukigusa kidogo tu. Wa nne ilikuwa chupa. Monoma ya asidi ikikaa na maji katika joto hujikata yenyewe polepole, ndiyo maana gundi za namna hiyo aghalabu huagizwa zikae katika jokofu. Mtu na aihesabu safari ya chupa hiyo, kutoka Japani mpaka bandarini, kutoka bandarini mpaka ghalani, na umeme uliokatika njiani, kisha aseme kama hana shaka.

Aliiandika hati yote ya mashtaka katika daftari, kwa mwandiko mzuri. Ilikuwa kazi ya kemia ya kupendeza, na kasoro yake moja ni kwamba hakuwa amekitazama kipande.

Aliyemkumbusha ni mhudumu wa maabara, mzee asiyekuwa na shahada yoyote. Alimwuliza tu, “Binti, upande uliokuwa umeshika ukoje?” Kitu kilichogandishwa kikibanduka, sehemu iliyoshindwa huacha alama. Upande wa ndani ukiwa laini na mtupu, gundi ndiyo iliyoachia jino. Ukiwa na ngozi ya jino juu yake, mambo ni mengine.

Alikiweka chini ya hadubini. Upande wa ndani ulikuwa umevikwa tabaka jembamba, kahawia, lenye matundu matundu. Lilikuwa enameli yake mwenyewe. Fosfeti haikuachia kalisi. Mnyororo ulikuwa umeshika alichopewa akishike, ukashika mpaka mwisho. Kilichopasuka ni jino, chini ya gundi, katika tabaka lile ambalo maji ya utotoni yaliliacha bila kujazwa. Wataalamu wa meno walijua hatari hiyo, na ndiyo maana katika meno kama yake hukwangua zaidi, au hurefusha muda wa asidi, wakitafuta mahali pagumu pa kusimamia. Lakini nyumba iliyojengwa juu ya jiwe bovu, saruji yake haina lawama.

Alifunga daftari. Hati yake ya mashtaka ilikuwa sahihi kwa kila sentensi, na haikumhusu mshitakiwa hata mmoja.

Likizo ilipofika alipanda basi mpaka Karatu, kisha gari lililopita ukingo wa kreta na kuteremka upande wa pili, ambako kijani hukoma ghafula kama kilichokatwa kwa kisu. Bomani aliinamisha kichwa mbele ya bibi yake, koko akakiwekea mkono. “Takwenya.” “Iko.” Kisha koko akamtazama mdomoni. Jino moja la kahawia katikati ya matatu meupe huonekana kuliko manne ya kahawia.

Koko mwenyewe alikuwa na pengo mbele, taya ya chini. Meno mawili ya hapo aling’olewa utotoni, kama walivyong’olewa wenziwe wa rika lake. Wazee huieleza sababu yake kwa namna moja: siku taya ikifungwa na pepopunda, maziwa yatapita hapo. Alimsikiliza mjukuu akieleza kwa Kimaasai habari za mnyororo na taa, na hakuonyesha kwamba ameona lolote gumu.

“Mimi nilitolewa mawili,” akasema, “na nikacheka mbele za watu mpaka leo. Wewe umeachiwa yote, na unafunika.”

Binti hakuwa na jibu, wala si haki kusema kwamba koko alikuwa amemshinda. Pengo lake lilikuwa la rika zima, lilikuwa na maana iliyojulikana na kila aliyeliona. Rangi ya meno ya mjukuu ilikuwa na maana kwa wageni tu, na maana yenyewe ya uongo. Msichana anayeishi kati ya wageni hawezi kuazima kicheko cha bibi yake.

Jioni ile alikaa nje akiwatazama wadogo zake wawili wakinywa maji kwa kombe moja. Mmoja alikuwa na miaka miwili, wa pili saba. Alikuwa na fedha kidogo, za kutosha jambo moja. Alikuwa amezileta zikiwa na jina la jino lake, kwa kuwa alikusudia kupitia kwa daktari wakati wa kurudi.

Alijua sasa mahesabu ambayo hakuyajua alipokuwa akiandika hati yake. Meno ya mbele ya kudumu huanza kujengwa ndani ya taya miezi michache tu baada ya mtoto kuzaliwa, na magamba yake hukamilika kwenye miaka minne au mitano. Kwa yule wa miaka miwili, kalamu ilikuwa bado inaandika. Kwa yule wa miaka saba, meno ya mbele yalikwisha andikwa, yako chini ya ufizi yanangoja zamu. Hakuna maji, hata yangetoka peponi, yatakayoyabadili. Magego yake ya nyuma yangeweza kuokoka kidogo.

Yalikuwapo mashauri mawili. Moja lilitoka Ngurdoto, wilayani Arumeru, ambako kiko kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi katika maji. Huko hutumia mkaa wa mifupa: mifupa ya ng’ombe huchomwa katika hewa kidogo, kisha maji hupitishwa humo. Mfupa ni kalisi na fosfeti kama jino lilivyo, na fuwele zake huipokea floraidi kwa hiari, kama vile jino la mtoto lilivyoipokea, ila safari hii hakuna anayedhurika. Binti alipata kuwaza kwamba ng’ombe wa Olbalbal huacha mifupa mingi, na kwamba fosforasi iliyopuuzwa bondeni huenda ina kazi kubwa kuliko ile iliyokuja katika chupa ndogo kutoka Japani. Lakini mkaa huo huchoka, na mtu asipoupima na kuubadili huendelea kunywa akidhani amelindwa. Hakukuwa na mtu wa kuupima akiwa chuoni.

Shauri la pili lilikuwa mvua. Maji ya mvua hayajapita katika majivu, na karibu hayana floraidi. Olbalbal hainyeshi sana. Milima huizuia mvua iliyotoka mashariki. Hata hivyo mjomba wake alikuwa na nyumba iliyoezekwa bati, na mtoto mmoja wa miaka miwili hanywi maji mengi.

Alikwenda Karatu akarudi na tangi. Si kubwa, lilifungwa juu ya gari kwa kamba, na watoto walilikimbilia. Mjomba alitengeneza mfereji wa bati ukingoni mwa paa. Mama aliuliza kama jino halitamsumbua huko chuoni. Binti akasema litamsumbua.

Mvua ya kwanza ilipopiga bati maji yalishuka mekundu kwa vumbi, yakamwagwa. Ya siku ya tatu yalikuwa safi. Yule mdogo alipewa kikombe kizima, akakimaliza, akaomba kingine. Yule wa miaka saba alisimama mlangoni akitazama, na ulimi wake ulikuwa ukisukuma jino la mbele lililoanza kulegea.